UZI: Anwani feki zinazofanana na za kweli: namna ya kuzisoma, na pale kivinjari kinapokuacha peke yako

Fundi_Seva (mwanzisha uzi)

Wakuu salaam. Kila mara mtu akiuliza "hii linki ni ya kweli?" majibu huwa mawili: "angalia kufuli" au "iko poa, mimi imenifungukia". Yote mawili hayana msaada. Tuyaweke mambo hapa mara moja, mtu akiuliza tena tumletee uzi huu.

Kwenye mifano yangu natumia mwisho wa .example. Umetengwa kwa ajili ya mifano tu, hakuna anayeweza kuusajili, kwa hiyo hata mtu akibofya kwa bahati mbaya hafiki popote.

Haya, tazameni hii:

`https://matokeo.necta.go.tz.angalia-hapa.example/csee/index.htm`

Jicho linaanzia kushoto, linakutana na necta.go.tz (Baraza la Mitihani la Tanzania), linaridhika. Kivinjari hakisomi hivyo. Ruka https:// kisha nenda mpaka mkwaju (/) wa kwanza. Kila kilicho baada ya mkwaju huo ni njia ya faili, mwenye seva anaandika anachotaka. Sasa simama kwenye mkwaju na urudi nyuma: unakutana na "example", halafu "angalia-hapa". Huyo ndiye mwenye nyumba. Hayo ya necta, go na tz ni majina ya vyumba aliyobandika milangoni mwake mwenyewe. Hakulipia hata senti na hakumwomba mtu ruhusa.

Urudi nyuma vipande vingapi? Kwa .com, .net na .org ni viwili. Kwa co.tz, or.tz, co.ke na wenzake ni vitatu, maana "co.tz" yote ni mwisho, siyo jina la mtu. Vivinjari navyo havibahatishi hapa: vina orodha iitwayo Public Suffix List, iliyoanzishwa na Mozilla, inayotaja miisho yote ya namna hii. go.tz na go.ke zimefungiwa taasisi za serikali, hivyo jina linaloishia hapo *kweli* (yaani mkwaju unafuata papo hapo) ni gumu kwa tapeli kulipata. co.tz, co.ke na .com ni za yeyote mwenye pesa ya kusajili.

Kistari siyo nukta. `necta-go-tz.example` ni neno moja refu, basi. Kistari ni sawa na herufi yoyote.

Alama ya @ nayo ina mtego wake. Katika `https://tra.go.tz@malipo.example/` kila kilicho kabla ya @ kinahesabiwa kuwa jina la mtumiaji, na kivinjari kinakwenda malipo.example. Mwaka 2023, Google walipofungua majina yanayoishia .zip, watafiti walionyesha jinsi ya kuunganisha mtego huu na mkwaju bandia (∕, namba U+2215 kwenye Unicode, orodha ya kimataifa ya herufi za kompyuta) ili anwani nzima ionekane kama ya kupakua faili kutoka tovuti inayojulikana. Mkwaju bandia si mkwaju kwa kivinjari, ni herufi tu, kwa hiyo kila kitu mpaka kwenye @ kinamezwa.

Mwisho, herufi za kawaida zinazofanana: rn badala ya m, vv badala ya w, 1 badala ya l, 0 badala ya o. Kwenye simu yenye maandishi madogo, rn na m ni pacha.

---

Lulu_wa_Pwani

Asante mkuu. Niongezee kwenye hizo herufi: I kubwa badala ya l ndogo inafanya kazi kwenye SMS, WhatsApp na barua pepe, lakini haifui dafu kwenye upau wa anwani. Majina ya vikoa (yaani majina ya tovuti, kama paypal.com) hayatofautishi herufi kubwa na ndogo, na kivinjari hugeuza zote kuwa ndogo kabla ya kuonyesha. Kwa hiyo "PayPaI" uliyoiona kwenye ujumbe, ukishafungua, juu panaandikwa paypai. Ndiyo maana anwani ya kuisoma ni ile iliyo juu baada ya ukurasa kufunguka, siyo ile iliyoandikwa kwenye ujumbe.

---

Kisirili_101

Mmeziruka herufi za lugha nyingine, na ndiko mahali penye utamu.

Mfumo wa majina ya intaneti unabeba a–z, 0–9 na kistari tu. Ili Warusi, Waarabu na Wachina wapate majina kwa maandishi yao, ikatungwa njia ya kuzigeuza herufi hizo kuwa za kawaida, ikaitwa Punycode (2003). Jina lililogeuzwa huanza na `xn--`. Tatizo ni kwamba а ya Kisirili, maandishi ya Kirusi, (U+0430) na a yetu (U+0061) zinachorwa sawasawa kabisa. Kwa kompyuta ni herufi mbili tofauti kama b na z.

Mfano maarufu ni wa Februari 2005: paypal yenye а ya Kisirili kwenye nafasi ya pili. Jina lake halisi ni `xn--pypal-4ve.com`. Hiyo "4ve" haikutoka hewani, tuipige hesabu. Toa а: inabaki "pypal", herufi 5. Herufi iliyotolewa ni namba 1072 (ndiyo U+0430 kwa hesabu ya kawaida), na herufi za kawaida zinaishia 127, hivyo 1072 − 128 = 944. Neno lenye herufi 5 lina nafasi 6 za kuchomeka nyingine, na yetu inaingia nafasi ya 1 (hesabu inaanza 0). Basi 944 × 6 + 1 = 5665. Namba hiyo ikiandikwa kwa tarakimu za Punycode (a ni 0 mpaka z ni 25, kisha 0 ni 26 mpaka 9 ni 35) inatoka 4, v, e. Asiyeniamini afungue Python:

`"pаypal".encode("punycode")`

Itatoa `b'pypal-4ve'`. Nakili mstari huo kutoka hapa, usiuchape. Ukiuchapa kwa kibodi yako utapata a ya kawaida na jibu litakuwa `b'paypal-'`.

Baada ya 2005 vivinjari viliweka sheria: jina likichanganya Kilatini na Kisirili, onyesha xn--. Watu wakapumua. Aprili 2017 mtafiti Xudong Zheng akaonyesha tundu: aliandika jina la Apple *lote* kwa Kisirili, а, р, р, ӏ, е. Hakuna mchanganyiko, sheria haikushika. Jina lake ni `xn--80ak6aa92e.com` lakini Chrome na Firefox zilionyesha apple.com safi kabisa, na cheti juu. Chrome walirekebisha kwenye toleo la 58. Safari haikunaswa kwa sababu tangu mwanzo haikuwa inaonyesha Kisirili moja kwa moja. Firefox wakati huo waliiacha kama chaguo la mtumiaji.

Chaguo lenyewe, kwenye Firefox ya kompyuta: andika `about:config` kwenye upau, kubali onyo, tafuta `network.IDN_show_punycode`, ibofye mara mbili iwe `true`. Hakuna haja ya kuwasha upya. Kuanzia hapo kila jina la aina hiyo litaonekana kwa xn-- yake.

---

Mwanafunzi_TX

Ukiweka hiyo true si utaharibu na tovuti halali?

---

Kisirili_101

Zitafunguka kama kawaida, ila jina litaonekana la ajabu. Mwenye kusoma magazeti ya Kirusi au anayetumia tovuti zenye majina ya Kiarabu (Oman wana mwisho wao wa عمان) atakereka. Wa Bukavu au Bujumbura atakutana nayo kwenye jina la Kifaransa lenye é. Kwa anayeishi kwenye .co.tz, .co.ke na .com za Kiingereza, sioni anachopoteza. Kiswahili hakina herufi yenye alama hata moja. Kilicho karibu ni ng', na ile apostrofi hairuhusiwi kwenye jina la kikoa cha kawaida, ndiyo maana kila ng'ombe mtandaoni ni ngombe. Kwa hiyo ukiona xn-- kwenye tovuti inayojiita ya benki ya Dar au Nairobi, funga.

---

Fundi_Seva

Hapo kwenye "Chrome walirekebisha" tuwe waangalifu, mkuu, watu wasilale. Chrome inalifanyia jina kitu kinaitwa mifupa: kila herufi inabadilishwa na ile inayofanana nayo kwa mujibu wa majedwali ya Unicode, kisha mifupa inalinganishwa na orodha ya tovuti maarufu. Ikigongana na jina maarufu, unaonyeshwa xn--. Tangu toleo la 75 (2019) pia kuna onyo linalokuuliza kama ulikusudia kwenda tovuti nyingine, na hilo linaangalia pamoja na orodha hiyo tovuti *ulizozoea wewe*.

Tazama panapovuja. SACCOS ya wilayani haiwezi kutegemea kuwa kwenye orodha ya tovuti maarufu duniani. Na kama simu ni mpya, au umefuta historia, hakuna "ulizozoea" za kulinganisha.

Oktoba 2023 ilionekana wazi. Tangazo kwenye utafutaji wa Google lilionyesha keepass.info, anwani ya kweli ya programu ya kutunza manenosiri. Ukibofya ulipelekwa `xn--eepass-vbb.info`, iliyoonekana juu kama ķeepass.info. Hiyo ķ ina kijimkia chini, unaweza kudhani ni uchafu kwenye kioo. Ni herufi ya Kilatini (ya Kilatvia), hakuna kuchanganya maandishi, na jina likaipita ile sheria ya mchanganyiko hivi hivi.

---

Askari_wa_Zamu

Pamoja na hayo yote, mimi bado naangalia kufuli kwanza. Bila kufuli siingizi kitu.

---

Lulu_wa_Pwani

Bila HTTPS (ule ulinzi wa mawasiliano ambao kufuli lilikuwa ishara yake) usiingize, sawa kabisa. Lakini kinyume chake si kweli. Cheti kinathibitisha kitu kimoja: kwamba unaongea na seva ya jina lililoandikwa pale juu, na wa katikati hasikii. Hakisemi mwenye jina ni nani. Let's Encrypt wanatoa vyeti bure, kwa mashine, kwa dakika chache, na hilo ni jambo jema. Tapeli naye ana jina lake halali alilosajili, kwa hiyo anapata cheti chake halali. Ule ukurasa wa Zheng wa 2017 ulikuwa na kufuli.

Chrome wenyewe waliliondoa kufuli kwenye toleo la 117 (Septemba 2023), wakaweka alama ya vitelezi viwili, kwa sababu watu wengi walilisoma kama "tovuti hii ni ya kuaminika".

Kabla hujasema "basi nitaangalia jina la kampuni kwenye cheti": vile vyeti vya bei vilivyokuwa vinaandika jina la kampuni kwa kijani navyo viliondolewa kwenye upau mwaka 2019, Chrome 77 na Firefox 70. Miaka miwili kabla, mtafiti Ian Carroll alisajili kampuni ya "Stripe, Inc" huko Kentucky, Marekani, jina lilelile la kampuni kubwa ya malipo iliyosajiliwa jimbo jingine, akapewa cheti. Kisheria hakukuwa na kosa.

---

Askari_wa_Zamu

Duh. Sasa kwenye simu ndiyo tufanyeje? Anwani yenyewe haionekani nzima.

---

Fundi_Seva

Simu ndiyo uwanja wao wa nyumbani. Fanya hivi:

Usibofye, bonyeza na ushikilie. Chrome ya Android itakuonyesha anwani pamoja na chaguo la kunakili. Nakili, bandika kwenye programu ya vidokezo, uisome kutoka kulia kama nilivyoeleza. Linki fupi (bit.ly na ndugu zake) haziwezi kusomwa hivyo, hizo ukizifungua, soma juu baada ya kutua, kabla hujagusa chochote.

Usiingize nenosiri ndani ya kivinjari cha Facebook, Instagram au TikTok. Kile si kivinjari chako: upau ni mwembamba au umefichwa, manenosiri yako hayamo, maonyo hayalingani. Bofya vinukta vitatu, uchague kufungua kwenye kivinjari cha nje.

Gusa upau wa anwani mwenyewe. Kuna kurasa zinazochora upau wa uongo juu ya ukurasa, na kwenye kompyuta wanachora hata dirisha zima la kuingia kwa akaunti ya Google lenye anwani sahihi ndani yake (hii ilionyeshwa hadharani mwaka 2022). Dirisha la kweli unaweza kuliburuta nje ya ukingo wa kivinjari. La kuchora linagonga ukingo na kukwama.

Na kwa M-Pesa, hapa hakuna mjadala: malipo ya mtandaoni ya kweli yanakuletea kidirisha cha laini yenyewe, na PIN unaiandika hapo, nje ya tovuti. Ukurasa wenye kisanduku cha kuandika PIN ya M-Pesa ni wa wizi, hata anwani iwe nzuri namna gani.

---

Kisirili_101

Nitasema jambo ambalo wengi hawalipendi: mafunzo ya "kuwa makini na anwani" yana kikomo. Jicho likichoka limechoka. Saa tano usiku, mwanga mdogo, mtu anatafuta matokeo ya mtoto, hataona kijimkia chini ya k. Kazi ya kulinganisha herufi apewe mashine.

Kidhibiti cha manenosiri (programu inayokutunzia na kukujazia manenosiri) hakina macho. Kinalinganisha jina la kikoa, herufi kwa herufi. Umehifadhi nenosiri kwa paypal.com, kwenye xn--pypal-4ve.com kitakaa kimya. Ule ukimya ndio onyo lenyewe! Kosa linalowamaliza watu ni kuona "leo haijazi yenyewe", wakaenda kunakili nenosiri na kulibandika kwa mkono. Kisipojaza, simama. Funga, andika anwani mwenyewe au tumia alamisho, kisha uone kama huko kinajaza.

Bora zaidi ni ufunguo wa siri (passkey), ule wa alama ya kidole au uso. Hapo kivinjari chenyewe kinaingiza jina la tovuti ndani ya kile kinachotiwa saini. Saini iliyotolewa kwenye tovuti feki haina thamani kwenye ya kweli, hata mtumiaji akubali kila kitu.

---

Mwanafunzi_TX

Mimi natumia namba ya SMS ya tarakimu 6. Hiyo haitoshi?

---

Kisirili_101

Inazuia aliyenunua nenosiri lako kwenye orodha iliyovuja. Haizuii tovuti feki ya leo. Zana kama Evilginx zinakaa katikati: unachoandika kinapelekwa hapo hapo kwenye tovuti ya kweli, tovuti ya kweli inakutumia SMS, unaandika zile tarakimu 6 kwenye feki, feki inazipeleka, na kidakuzi (cookie) cha kuingia, yaani alama inayoiambia tovuti kwamba umeshaingia, kinabaki kwao. Wewe unaonyeshwa ukurasa wako halisi na hushtuki. Nenosiri ukibadilisha, kumbuka pia kubofya "ondoka kwenye vifaa vyote", la sivyo kile kidakuzi kinaweza kuendelea kufanya kazi.

---

Duka_Mtandao_KE

Wakuu, na upande wa pili je? Sisi ndio wenye jina, mtu amesajili linalofanana na letu na anawapiga wateja. Barua pepe zetu tumeziwekea SPF, DKIM na DMARC (kinga za kuthibitisha mtumaji wa barua), tulidhani tumemaliza.

---

Lulu_wa_Pwani

Pole ndugu. DMARC inamzuia mtu kutuma barua kwa jina *lako*. Jina linalofanana ni lake, ataliwekea DMARC yake mwenyewe safi kabisa na barua zitapita.

Kuyajua majina hayo: sakinisha dnstwist (`pip install dnstwist`), kisha

`dnstwist --registered jinalako.co.ke`

Inatengeneza mamia ya miendelezo (herufi zilizorukwa, zilizogeuzwa, za Kisirili) na kukuonyesha yale tu yaliyosajiliwa. Udhaifu wake ni majina yenye neno la ziada, kama jinalako-malipo. Kwa hayo nenda crt.sh (tovuti ya kutafuta vyeti), utafute `%jinalako%`. Vyeti vinavyokubaliwa na Chrome vinaandikwa kwenye daftari la wazi, kwa hiyo mara nyingi unamwona tapeli akichukua cheti kabla hajatuma ujumbe wa kwanza.

Kuyanunua yote haiwezekani. Nunua .com na la nchi, lenye kistari na lisilo nacho, na rn kama jina lako lina m. Yaelekeze kwako, basi.

Kuyaangusha, kwa mpangilio huu. Kwanza ripoti Safe Browsing ya Google (orodha yao ya tovuti hatari), maana onyo jekundu likishakubaliwa linaonekana kwenye Chrome, Firefox na Safari kwa pamoja. Pili, nenda lookup.icann.org upate msajili (kampuni iliyouza jina hilo) na anwani yake ya malalamiko. Tatu, kampuni yenye seva, utakayoijua kwa namba ya IP (anwani ya seva kwenye intaneti). Kwenye barua weka anwani nzima, picha ya skrini yenye upau wa anwani, saa pamoja na UTC+3, na maneno haya: ukurasa unafunguka kwa simu na kwa IP ya Kenya tu. Wengi wao huwaonyesha wageni ukurasa mtupu, afisa wa Ulaya anafungua, haoni kitu, anafunga faili.

Tangu 5 Aprili 2024 mikataba ya ICANN (wasimamizi wa majina ya intaneti duniani) inawalazimisha wasajili wa .com na wenzake kuchukua hatua wakipewa ushahidi wa hadaa ya namna hii. Itaje kwenye barua. Haihusu .ke wala .tz, huko ongea na KeNIC (wasimamizi wa .ke) au wasimamizi wa .tz, na unakili KE-CIRT au TZ-CERT (timu za taifa za usalama wa mtandao).

Angalia jambo moja kabla ya kutuma: jina lina umri gani? Lililosajiliwa wiki iliyopita ni la tapeli, omba lifungwe. La miaka 8 lenye ukurasa wa shule katikati ni tovuti ya watu iliyodukuliwa. Hapo mwandikie mwenye seva na mwenye tovuti, siyo msajili, usije ukaifunga shule.

---

Duka_Mtandao_KE

Na ile kesi ya UDRP (utaratibu wa ICANN wa kugombea majina ya vikoa)?

---

Lulu_wa_Pwani

Ipo, lakini WIPO (Shirika la Miliki Bunifu Duniani, mojawapo ya wanaosikiliza kesi hizo) wanatoza dola 1,500 kwa majina 1 mpaka 5 mbele ya mwamuzi mmoja, na inachukua wiki kadhaa. Tapeli anakaa siku chache. Hiyo ni ya kulipata jina liwe lako moja kwa moja, siyo ya kuzima moto.

---

Askari_wa_Zamu

Nimeuliza kidogo nimejibiwa kingi. Swali la mwisho: nikikosea kuchapa mwenyewe bila linki yoyote?

---

Fundi_Seva

Hilo nalo wanaliwinda. Machi 2016 kampuni ya usalama ya Endgame ilikuta zaidi ya majina 300 ya kampuni maarufu, netflix.om mojawapo, yamesajiliwa kwenye .om, mwisho wa Oman, yakimsubiri anayeruka c kwenye .com. Kwa zile tovuti 5 au 6 zinazogusa pesa zako, zichape mara moja ukiwa umetulia, hakikisha, ziwekee nyota ya alamisho. Siku nyingine gusa nyota.

---

Askari_wa_Zamu

Nimeelewa mkuu. Hiyo about:config nimeshaiweka.

---

Kisirili_101

Ijaribu: fungua xn--80ak6aa92e.com. Ukiona herufi hizo hizo juu, hujadanganywa na jina hilo. Ukiona apple.com, rudi ukaangalie kama imebaki false.